Chokaa ya Bristol, saruji ya Malindi

Nikipata nafasi Jumamosi huingia nyumba namba 7 ya mtaa wa Great George, hapa Bristol. Kiingilio bure. Ilijengwa karibu na mwaka 1790, zama za wafalme wa Uingereza walioitwa George, na sasa ni makumbusho. Kwa nje unaweza kuipita usiitazame mara mbili: ukuta wa mawe na madirisha yaliyopangwa kwa mizani. Ndani ndiko kwenye mambo. Vyumba 11, na chini kabisa birika la maji baridi alimokuwa akijitosa mwenye nyumba, John Pinney.

Pinney alitajirika kwa sukari ya kisiwa cha Nevis, huko Karibiani, sukari iliyolimwa na watumwa. Mmoja wao, Pero, alinunuliwa akiwa na miaka 12 pamoja na dada zake wawili, baadaye akaletwa Bristol kutumika humu. Siku hizi daraja moja la bandarini linaitwa kwa jina lake. Sisi Waunguja tunajua karafuu zilichumwa na nani, kwa hiyo habari ya Pero hainipiti hivi hivi.

Lakini kinachonirudisha pale ni kuta. Saruji ya kisasa ilisajiliwa mwaka 1824, na nyumba hii ilikuwa imeshasimama miaka 30 na zaidi. Ni kazi ya chokaa, kama nyumba zetu za Mji Mkongwe. Chokaa inapumua: ukuta ukinywa maji, huyatoa wenyewe. Huku nyumba ya aina hii inalindwa na sheria. Ukiiharibu sura yake bila kibali unashtakiwa kwa jinai.

Kwetu Malindi, mtaa wa huko huko Mji Mkongwe wa Unguja, ukuta wa chini ulipoanza kumenyeka, marehemu baba alimwita fundi akapiga lipu ya saruji. Uling'ara masika mawili. Kisha maji yaliyofungiwa ndani yakapanda, chumvi ikatoka, boriti zikaoza pale zinapoingia ukutani. Nilitia kidole kwenye ncha ya moja, kikazama kama kwenye muhogo uliochemshwa. Fundi simlaumu, alitumia kilichokuwa dukani.

Watu husema Waingereza wana pesa. Wanazo, lakini chokaa ni yetu, tumeichoma kwa mawe ya matumbawe tangu enzi za mababu. Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe tunayo tangu 1985, na UNESCO ikautambua mwaka 2000. Tunachokosa ni kutengeneza kidogo kidogo kila mwaka, kabla nyufa hazijawa mashimo. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la Mji Mkongwe la 1883, ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, nililia ndani ya basi mbele za watu.

Desemba nakuja. Nimekubaliana na kaka tubandue saruji yote ya chini. Mzee mmoja anayeijua kazi ameshachimba shimo uani, na chokaa imerowekwa humo tangu Ramadhani.