Mbwa Ana Picha, Jela Haina

Mama mmoja wa Kikongo alinijia na karatasi nne zilizobanwa kwa pini. Alikuwa amezichukua mapokezi kwenye ofisi ya sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti hapa Marekani, alikokwenda kumtafuta mwanawe aliyekamatwa usiku wa Ijumaa. Yule wa dirishani hakumwelewa, akamwelekeza kwenye rafu ya vipeperushi. Mimi kazi yangu ni ukalimani, kwa hiyo alizitandaza mezani akaniuliza: "Mutoto yangu iko wapi mu hii karatasi?"

Nikazipekua. Lilikuwa jarida la mwezi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na sherifu mwenyewe, kofia pana kichwani, akimpa mkono ofisa bora wa mwezi. Wa pili ulikuwa na mbwa aliyehitimu mafunzo ya kunusa dawa za kulevya, jina lake limeandikwa kwa herufi nene na ulimi umemning'inia. Wa tatu takwimu: simu zilizoitikiwa, hati za kukamata zilizotekelezwa, madereva walevi walionaswa. Wa nne waliostaafu, waliopanda cheo, na nafasi za kazi. Jela, ambayo ndiyo iliyokuwa imemmeza kijana wake, ilitajwa mara moja tu, katika tangazo la kazi. Wanahitajika askari jela.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyasoma majarida haya kwa jicho jingine. Yapo katika kaunti nyingi za Marekani, mengine kwenye karatasi, mengi sasa kwa barua pepe. Kuyabeza ni rahisi, nami nimeyabeza. Lakini kadiri ninavyoyasoma ndivyo ninavyoona kwamba kosa lake halimo katika yale yanayosema.

Msomaji wa Mombasa au Dodoma asipotoshwe na neno kaunti. Kenya ina kaunti 47, lakini polisi ni wa taifa. Gavana hana polisi, ana kanjo, yaani askari wa kaunti wa kusimamia sheria ndogondogo. Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000, na karibu kila jimbo lina masherifu wanaochaguliwa kwa kura, mara nyingi kila baada ya miaka minne. Sherifu na manaibu wake hupiga doria vijijini na katika miji isiyo na polisi wake, hulinda mahakama, hupeleka amri za kuwatoa watu kwenye nyumba za kupanga, na mara nyingi ndio wanaoendesha jela ya kaunti. (Cheo hiki hakina undugu na sharifu wetu wa Pwani. Kinatokana na Kiingereza cha kale, msimamizi wa wilaya kwa niaba ya mfalme. Kufanana kwa sauti tu.)

Nianze na utetezi wa majarida haya, kwa sababu una uzito. Anayepokea simu ya dharura ya 911 saa tisa usiku, akamwelekeza mtu jinsi ya kumkandamiza kifua mumewe mpaka gari la wagonjwa lifike, hapigiwi makofi na yeyote. Hata sura yake haijulikani. Naibu aliyempulizia naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha dawa za kulevya, puani kijana aliyezimia chooni kwenye kituo cha mafuta, kijana akazinduka na kumtukana, naye hana mahali pengine pa kuandikwa. Wiki ya pili ya Aprili nchi nzima inawaadhimisha wapokea simu hawa, na kwa wengi wao aya tatu katika jarida la mwezi ndiyo maadhimisho yenyewe. Ofisi nyingi zimepungukiwa na watu, na anayefikiria kuomba kazi hutaka kuona sura za atakaofanya nao.

Kuna faida nyingine inayotugusa sisi wageni zaidi. Karibu kila jarida nililosoma lina onyo juu ya utapeli wa simu. Mtu anapiga, anajitaja kuwa naibu fulani, na jina analotumia mara nyingi ni la naibu wa kweli. Anakwambia ulikwepa wito wa kutumikia juri mahakamani, lile jopo la raia wanaoamua kesi, hati ya kukukamata imeshatoka, ila unaweza kuyamaliza sasa hivi kwa kununua kadi za zawadi dukani na kumsomea namba. Mmarekani mzawa huenda akashtuka: tangu lini faini ya mahakama ikalipwa kwa kadi ya zawadi? Lakini sisi tuliokulia mahali ambapo kuyamaliza na askari papo hapo ni jambo la kila siku, mtego huu unatunasa upesi. Onyo la mistari minne likitafsiriwa linaokoa mshahara wa mwezi.

Na lipo la magazeti. Tangu 2005 Marekani imepoteza zaidi ya theluthi moja ya magazeti yake, mengi yakiwa ya wiki, yale ya mji mdogo. Zamani mwandishi alikuwa akienda kituoni, anapekua daftari la matukio, anauliza maswali ya kuudhi, anaandika. Sasa katika kaunti kadhaa hakuna gazeti hata moja. Jarida la sherifu linawafikia watu ambao hawana chombo kingine cha kuwaambia daraja lipi limefungwa na nani kafa barabarani. Ukilifuta, pengo linabaki kwa uvumi.

Hapo hapo ndipo utetezi unapogeuka kuwa mashtaka. Palipokuwa na gazeti, jarida la ofisi lilikuwa tangazo, kila mtu akilijua kuwa tangazo. Gazeti likifa, tangazo linavaa kanzu ya habari. Anayeandika na anayeandikwa ni mtu mmoja, na mpiga picha analipwa na huyo huyo.

Tumeshaona gharama yake. Mei 2020 polisi wa jiji la Minneapolis walitoa taarifa yenye kichwa kilichosema kwamba mwanamume alifariki baada ya tatizo la kiafya wakati wa kukutana na polisi. Huyo ndiye George Floyd, aliyekufa akikandamizwa shingo kwa goti la polisi. Neno goti halimo katika taarifa ile. Kama si binti wa miaka 17, Darnella Frazier, kurekodi kwa simu yake, huenda ile ingebaki kuwa habari yenyewe. Hao walikuwa polisi wa jiji, si wa kaunti, lakini kalamu ni ile ile. Kwa haki niseme pia kwamba miaka miwili baadaye, Grand Rapids, Michigan, ofisa wa polisi alipompiga risasi kichwani Patrick Lyoya, mkimbizi wa Kikongo aliyekuwa amebanwa kifudifudi, mkuu wa polisi wa mji ule aliziweka video hadharani siku tisa baada ya tukio. Wengi wetu tulimsikia baba yake marehemu akisema kwa Kiswahili huku mkalimani akifuata nyuma. Kesi ya ofisa yule iliishia bila uamuzi wa juri mwaka 2025, na mwendesha mashtaka akaamua kutoirudia. Lakini video zilitoka, na polisi wenyewe ndio waliozitoa. Kwa hiyo hoja kwamba idara haiwezi kutangaza habari inayoichafua haisimami.

Kuhusu tuzo nina kisa kimoja tu, nacho kinatosha. Lee Baca aliongoza idara ya sherifu ya kaunti ya Los Angeles, kubwa kuliko zote nchini, tangu 1998. Mwaka 2013 chama cha kitaifa cha masherifu kilimtangaza kuwa sherifu bora wa mwaka. Desemba ya mwaka huo huo waendesha mashtaka wa serikali kuu waliwashtaki manaibu 18, waliokuwa kazini na waliokwisha kuondoka, wengi wao kwa mambo yaliyotendeka ndani ya jela zake: vipigo, na kumficha mahabusu aliyekuwa akiwapasha habari FBI, wakimhamishahamisha kwa majina ya uongo. Baca alijiuzulu mapema mwaka uliofuata, na 2017 juri ikamtia hatiani kwa kuzuia uchunguzi. Alihukumiwa miaka mitatu. Sisemi kila ofisa wa mwezi ana siri chumbani. Ninasema picha ya tuzo na vipigo vya jela viliishi katika jengo moja kwa miaka, na vyombo vya ofisi vilijua kupiga picha kimoja tu.

Kisha kuna kura. Sherifu ni mwanasiasa, hata akivaa bunduki kiunoni. Picha yake ikiingia kila nyumba kila mwezi kwa fedha za kodi, mpinzani wake ataipata wapi karata kama hiyo? California iliona hatari hii ikapiga marufuku barua za umma zinazotumwa kwa wingi, zaidi ya nakala 200, zikiwa na picha au jina la mchaguliwa limekuzwa. Sheria nzuri, ila inahusu kitu kinachoshikika mkononi. Barua pepe inapita chini ya mlango.

Florida imekwenda mbali zaidi ya jarida. Sherifu wa kaunti ya Brevard, Wayne Ivey, alianzisha kipindi cha mtandaoni ambamo huzungusha gurudumu lenye picha za watu wanaosakwa, kama mchezo wa bahati nasibu wa televisheni. Watazamaji walikuwa wengi. Gazeti la huko, Florida Today, lilipochunguza likakuta kwamba baadhi ya waliozungushwa hawakuwa wakisakwa wakati huo. Hapo ndipo unapoona kazi ya gazeti. California, tena, kuanzia 2022 imezikataza idara kutundika kwenye mitandao ya kijamii picha za waliokamatwa kwa makosa yasiyo ya mabavu, isipokuwa kwa sababu maalumu. Nakubaliana nayo. Mtu akikamatwa bado hajahukumiwa, na picha yake haitangojea hukumu.

Hili la mwisho linanirudisha kwenye ukurasa wa tatu, ule wa takwimu. Waliokamatwa huhesabiwa, kesi zilizofutwa hazihesabiwi. Jela za kaunti na miji za Marekani hulaza watu zaidi ya 600,000 kwa siku yoyote, na takriban saba katika kila kumi hawajatiwa hatiani. Wengine hawana fedha za dhamana, basi. Mwaka 2019 watu 1,200 walifia katika jela hizo, na kati ya sababu zote kujiua ndiko kulikoongoza. Sheria ya nchi inazitaka idara kuripoti vifo vya walio mikononi mwake, lakini kamati ya Seneti iligundua mwaka 2022 kwamba wizara ya sheria ilipitwa na vifo visivyopungua 990 vya magerezani na vya wakati wa kukamatwa katika mwaka mmoja wa fedha. Serikali kuu yenyewe haikuweza kuwahesabu wafu wake, na majarida ya kaunti yanatuhesabia madereva wasiofunga mikanda.

Nimewahi kumuuliza ofisa uhusiano mmoja, katika mazungumzo ya kawaida tu, kwa nini jela haimo. Majibu yake hayakuwa ya kipuuzi. Familia lazima iarifiwe kwanza. Taarifa za afya ni siri. Mwanasheria wa kaunti hutetemeka, maana kila sentensi inaweza kurudi mahakamani. Na askari jela wenyewe, akasema, wameshachoka kuonekana wabaya. Wanataka ukurasa mmoja wa kuheshimiwa. Hili la mwisho lilinigusa. Kazi ya askari jela ni ngumu: mahabusu mwenye ugonjwa wa akili anayepiga kichwa ukutani usiku kucha, na zamu ya saa kumi na mbili kwa sababu mwenzako hakuja.

Lakini hoja zake hazizuii namba. Hakuna siri ya mgonjwa inayovuja ukiandika: mwezi huu walioingia jela ni kadhaa, wastani wa siku za kungoja kesi ni kadhaa, wamekufa wangapi, malalamiko yaliyopokelewa na yaliyothibitishwa ni mangapi. Texas tayari inaitaka jela kupeleka ripoti ya kila kifo kwa mwanasheria mkuu wa jimbo ndani ya siku 30. Na baada ya Sandra Bland kukutwa amekufa katika jela ya kaunti ya Waller, Julai 2015, siku tatu tangu asimamishwe barabarani, jimbo likapitisha sheria ya mwaka 2017 yenye jina lake, inayotaka vifo vya jela vichunguzwe na chombo cha nje. Habari hizo zipo, ila zimewekwa mahali ambapo mkulima na muuza duka hawafiki. Jarida linafika. Kuzihamisha kutoka kabati moja kwenda jingine hakuhitaji hata sheria mpya.

Na ningeubakiza ule ukurasa wa mbwa. Watoto wanaupenda.

Yule kijana tulimpata saa nne usiku, kwenye orodha ya mahabusu iliyomo katika tovuti ya kaunti. Tulikuwa tumeshaitafuta mara sita. Wakongo wana majina matatu, na aliyemwandikisha alikuwa ameliweka la ukoo mahali pa la kwanza na kula herufi moja. Kosa la kijana lilikuwa kuendesha gari bila leseni. Nikampigia mama yake, nikamwambia mwanawe yu hai, mahakamani ni Jumatatu saa tatu asubuhi.

Jumatatu tulipokutana ukumbini aliniletea chapati ndani ya foili, akatoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne. Ulikuwa ukurasa wa mwisho wa jarida, ameuchana. Nikadhani anataka namba ya simu ya jela. Akaniwekea kidole kwenye tangazo la askari jela, pale palipoandikwa mshahara wa kuanzia, akauliza kama wanamchukua mtu mwenye kadi ya ukaazi tu. Mdogo wake yule kijana amemaliza shule na hana kazi. Nikamwambia nitauliza.