Barabara ya Kusini ifungwe, lakini ifungiwe wapi?

Mapema Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa. Magari yalikwama pande zote mbili huku mawe yakimwagwa kuziba mashimo. Tangu hapo ubishi ni uleule kila masika: barabara ifungwe mapema, au dereva aachiwe aamue?

Wanaotaka ifungwe wana hoja nzito. Maji yaendayo kasi, yenye kina cha sentimita 30 tu, yanaweza kuliondoa gari dogo barabarani. Yakifika 60 hayachagui sana. Dereva naye hawezi kujua kama chini ya tope lile bado kuna lami, au kalavati limeshakwenda na maji. Isitoshe, Mto Matandu huleta maji ya mvua iliyonyesha Liwale. Unaweza kufika Nangurukuru jua linawaka, ukaambiwa usimame, ukaona unaonewa.

Wanaopinga nao hawasemi upuuzi. Ukizuiwa hapo, lililobaki ni kuzunguka Masasi, Tunduru, Songea, Njombe na Iringa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Mtwara hadi Dar badala ya 560 hivi. Saruji itasubiri, samaki wabichi hawasubiri. Na dereva anayelipwa kwa tripu hulala chini ya lori kwa hela yake, huku tajiri akipiga simu kuuliza amefika wapi. Tukimwita dereva huyo mzembe, basi na tajiri tumtaje.

Mimi nasema ifungwe, ila si ukingoni mwa maji. Basi likishafika pale, chakula hakuna, choo hakuna, watoto wanalia, na ng'ambo inaonekana. Hapo ndipo watu hujaribu bahati. Kule Wyoming, Marekani, barabara kuu ya I-80 ina mageti kwenye miji kama Laramie na Rawlins; theluji ikizidi, magari huzuiwa penye hoteli na vituo vya mafuta. Kwetu mabasi yazuiwe yakiwa bado stendi, Mtwara, Lindi na Mbagala, na malori yaishie Nangurukuru na Kibiti.

Ugumu uko kwa wasafiri wa karibu. Mgonjwa wa Kilwa anayepelekwa Hospitali ya Sokoine, Lindi, hayamhusu maji ya Somanga, yaliyo upande wa Dar. Kwa hiyo pale kizuizini anatakiwa askari wa kuuliza "unaishia wapi?" kabla ya kunyoosha mkono.