Foleni moja ya diski si ushamba

Tangu toleo la 5.0 la mfumo endeshi wa Linux litoke, Machi 2019, njia ya zamani ya kuandaa foleni ya maombi ya diski haipo tena. Zamani draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, iliita funksheni ya blk_init_queue, ikakabidhi funksheni moja na kufuli moja la kuzuia wawili wasiguse foleni kwa wakati mmoja, kazi imekwisha. Siku hizi inajaza fomu nzima: foleni za maunzi, yaani za kifaa chenyewe, ni ngapi, kila moja ibebe maombi mangapi, kila ombi litengewe baiti ngapi.

Walioshangilia wana hoja. Prosesa yenye viini 32 vinavyogombea kufuli moja hutumia muda wake kusubiriana tu. SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski, ina foleni moja ya amri 32, lakini NVMe, njia mpya ya diski za flashi, inaruhusu foleni zaidi ya 65,000. Kuipa njia moja ilikuwa dhambi.

Ila wapo waliotoka hapo wakasema foleni moja ni ushamba, na kupanga maombi ni kupoteza muda. Hapo siwafuati.

Chukua diski ya sahani inayozunguka mara 7200 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 120 kwa sekunde, kila mmoja kama milisekunde 8.3. Kwa wastani ombi husubiri nusu mzunguko, milisekunde 4 na ushee, bado kichwa cha kusomea hakijasogezwa kutoka njia hadi njia. Katika milisekunde 4 hizo prosesa ya gigahezi 3 imepiga mapigo milioni 12. Milioni 12! Ukitumia elfu chache kati ya hayo kuunganisha maombi yanayopakana na kuyapanga kwa mwelekeo mmoja, umepoteza nini? Hakuna lifti inayotoka ghorofa ya 2 kwenda ya 9, ikarudi ya 3, kisha ya 8. Na faili la kazi hiyo ndani ya Linux bado linaitwa elevator.c, yaani lifti.

Utaambiwa diski yenyewe hujipangia ndani. Kweli, hizo amri 32 zake. Lakini haijui nani anasubiri. Mpangaji wa maombi wa Linux aitwaye mq-deadline, kwa mipangilio yake ya kawaida, huupa usomaji kikomo cha kusubiri cha nusu sekunde na uandishi sekunde 5, kwa sababu anayesoma kwa kawaida amesimama hapo hapo anangoja, wakati uandishi mwingi umeshawekwa kwenye memori na mwenyewe ameondoka. Nakili filamu kubwa huku ukifungua folda ya picha, utaiona tofauti hiyo kwa macho.

Kerneli yenyewe, yaani moyo wa Linux, inalijua hili. Draiva ikitangaza foleni moja ya maunzi, kwa kawaida hupewa mq-deadline. Ikitangaza zaidi, haipewi mpangaji. Kwa hiyo anayeandika 8 kwenye nr_hw_queues (idadi ya foleni za maunzi) ya kifaa chenye kichwa kimoja, ili draiva yake ionekane ya kisasa, amemfukuza mpangaji bila kujua.