Kimo cha treki si pambo

Juzi nimepokea kazi ya kumiksi, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti za wimbo, treki 71: kila treki ni mstari wa sauti moja kwenye skrini. Nafungua faili kwenye Reaper, programu ya kurekodi na kumiksi, zote nyembamba kama uzi, zote kijivu, hakuna hata moja yenye jina. Ni namba tu. Sauti ya mwimbaji niliikuta namba 34, imebanwa kati ya sheka na kipande cha gitaa ambacho hakikutumika popote. Saa mbili na nusu zimeishia kwenye kusikiliza moja moja, kuandika jina na kupaka rangi kabla sijagusa hata ekwalaiza, kile cha kurekebisha besi na sauti za juu. Na mteja alilipia siku moja.

Nikampigia prodyuza aliyenitumia. Akanijibu: "Kaka, hayo ni mapambo. Muziki unasikilizwa kwa masikio." Nilikasirika, na hasira haijaisha.

Macho yanayadanganya masikio, na mimi nimelipia somo hilo. Nilipokuwa naanza, nilimrekodi dada mmoja wa kwaya chumbani kwangu, feni imewashwa kwa sababu ya joto. Mawimbi yalionekana manene, yamejaa treki nzima, nikaridhika. Kumbe kabla ya hapo nilikuwa nimebonyeza Shift na mshale wa juu, na kwenye Reaper hiyo hukuza picha ya mawimbi peke yake. Sauti haiongezeki hata chembe. Kilele halisi kilikuwa desibeli -38, sauti ndogo mno. Wakati wa kumiksi nikalazimika kupandisha desibeli 28, na feni nayo ikapanda 28 zilezile. Dada alikuwa amesharudi kwao Tanga. Ule wimbo haukutoka, na hadi leo kila nikikaa kurekodi, kitu cha kwanza ni kurudisha mawimbi kwenye ukubwa wake wa kawaida na kuangalia mita, kipimo cha nguvu halisi ya sauti.

Kwa hiyo mtu akiniambia muonekano ni pambo, naona hajawahi kupoteza kazi. Treki ninayoihariri naipa kimo kikubwa, yaani naitanua kwenda juu kwenye skrini, nione pumzi ya mwimbaji inapoanzia, nisije nikaikata katikati. Ngoma nikishazimaliza nazikunja ndani ya folda moja, ziniondokee machoni. Kuficha treki nako kuna hatari yake: iliyofichwa haijazimwa, inaendelea kulia, na unaweza kuhangaika usiku kucha ukitafuta mlio usiouona.

Wanaotumia FL Studio, programu nyingine ya muziki, wana la kwao. Pale Playlist, unakopangia wimbo, haifungwi moja kwa moja na mixer, unakosawazishia sauti, kwa hiyo jina uliloandika upande mmoja usitegemee litajiandika upande wa pili. Lakini F2 ipo, inatoa jina na rangi kwa pamoja. Kwenye programu ya Ableton Live, herufi H inapanga kimo cha treki zote zienee kwenye skrini, W inapanga upana wa wimbo. Ni sekunde chache.

Nakubali, wapo waliofanya kazi kubwa bila haya yote. Portastudio ya Tascam, mashine ndogo ya kurekodia, ilitoka mwaka 1979 ikiwa na treki 4 kwenye kaseti, na haikuwa na skrini ya kukuonyesha wimbi lolote. Ila mafundi wa zama za meza kubwa walibandika utepe wa karatasi chini ya feda, vile vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti, na kuandika kwa kalamu: kiki, sneya, besi, sauti. Walikuwa na vitu vichache kuliko sisi, na bado waliviandika majina.

Faili nimemrudishia yule prodyuza jana usiku. Sauti inayoongoza iko juu kabisa, nyekundu, yenye kimo kikubwa kuliko zote; waitikiaji wako chini yake kwenye folda yao; ngoma ni buluu. Namba 52 na 53 nimeziacha na namba zake. Ndani hamna mlio wowote, yeye mwenyewe hakumbuki alizifungua za nini, na mimi kufuta kitu cha mtu nisichokijua sithubutu.