Hundi Yangu ya Futi Sita

Mwaka ule niliochaguliwa mfanyakazi hodari wa idara yetu, wenzangu wa ofisi nyingine Mei Mosi waliondoka na vitu vya kueleweka: bati, saruji, mmoja hata jokofu. Mwajiri wetu alitaka picha nzuri. Akachongesha hundi ya mfano, lile libao la kushikwa na watu wawili. Mimi ningetosheka na bahasha ya kaki nikapewa kimya kimya koridoni, lakini hakuna aliyeniuliza.

Tukajipanga Uwanja wa Uhuru na fulana mpya zinazowasha shingo. Mgeni rasmi akatusimulia wafanyakazi wa Chicago waliogoma mwaka 1886 wakidai kazi isizidi saa nane kwa siku. Saa zetu nane tulikuwa karibu kuzimaliza juani, na jina langu lilikuwa halijaitwa.

Lilipoitwa, nikapanda jukwaani. Hundi kwa maneno ilisema "Shilingi laki tano tu". Kwa tarakimu ilisema 5,000,000. Sijui fundi wa mabango alikuwa na sifuri ya ziada au alinihurumia. Mkurugenzi aliiona. Huku akitabasamu kwa ajili ya kamera, akaninong'oneza bila kufungua meno: "Ni laki tano. Tumeelewana?"

Sherehe ikaisha, gari la ofisi likaondoka na spika, viti na wakubwa. Tukabaki kituoni mimi na hundi. Mwendokasi ya Mbagala ilikuwa bado ni ahadi, kwa hiyo nikaisukumiza kwenye daladala ya Rangi Tatu, ikalala juu ya mapaja ya watu wa siti ya nyuma.

"Bosi, huo ubao nao unalipa," konda akasema.

Nikampa noti ya elfu kumi. Akaisoma hundi, akanitazama.

"Milioni tano zote hizi, halafu unangoja chenji?"

Gari zima likawa upande wake. Mama mmoja aliyetoka Feri akatua beseni lake la samaki juu ya hundi, akaniambia, "Si haiharibiki, mwanangu?" Kijana wa siti ya mbele akageuka kuniuzia kiwanja Vikindu, ishirini kwa ishirini, hati ipo njiani. Chenji sikuiona mpaka leo.

Nafika mtaani, habari ilishatangulia kwa bodaboda. Baba mwenye nyumba, mtu mzima anayenizidi umri kwa mbali, nusura aniamkie shikamoo. Shemeji akapiga simu kutoka Lindi kuulizia bati za nyumba ambayo hata msingi haijachimbwa. Kibarazani palikuwa na mzee mmoja, mstaafu wa benki, anacheza drafti. Akavaa miwani, akaisoma hundi yote mpaka chini.

"Tarakimu na maneno yakigombana kwenye hundi, yanayoshinda ni maneno," akasema. "Hiyo ni sheria. Huyu ana laki tano."

"Mzee, acha wivu!" wakamkemea.

Nikamuunga mkono, nikaapa kwa Mungu kwamba mzee anasema kweli. Wakatikisa vichwa. Tajiri lazima akane.

Mke wangu ndiye pekee aliyeanza na maneno. "Laki tano," akasema. "Haya, ziko wapi?" Nikamweleza kwamba ziko kwenye mchakato. Akaiinua hundi, akainusa, akaitoa nje.

Mchakato ulikuwa haujazaa kitu siku dereva wa ofisi alipokuja na pikapu. Mhasibu ametaka ubao urudi, mwakani utatumika tena, watabandua jina tu. Kwa hiyo pesa sijalipwa, ila ubao nadaiwa! Dereva na mwenzake wakaubeba mchana kweupe, wakipita katikati ya mtaa wamekunja pua kwa harufu ya vibua, nami nyuma yao nikisaini karatasi ya makabidhiano.

Jioni watu wakaanza kuja kunipa pole kwa sauti za chini, kama za matanga. Wa mwisho alikuwa baba mwenye nyumba. Akanivuta kando, akaangalia kulia na kushoto.

"Pole sana, mwanangu. Mliiba wangapi?"

Kabla sijajibu akaongeza:

"Basi ile kodi ya miezi sita, unipe leo leo kabla hawajakufuata na wewe."