Baiskeli ilitangulia safari, mi nikabaki naikimbiza

Watu wakisikia baiskeli ya umeme wanadhani unapanda, unabonyeza, unafika. Hao hawajawahi kupanga safari ndefu nayo. Betri yangu ni volti 36 na ampea-saa 14, ukizidisha unapata wati-saa 504, na karatasi iliyokuja nayo inasema inaenda HADI kilomita 100. Hiyo "hadi" ndo imebeba mzigo wote, maana hiyo mia ni ya mtu mwembamba asiye na begi, barabara tambarare, upepo unamsukuma mgongoni na msaada wa mota kauweka namba moja, yaani kwa kifupi ni mtu anayekanyaga mwenyewe halafu ana betri ya urembo. Mi na mabegi yangu na vilima vya njiani nilikadiria wati-saa 12 kwa kila kilomita, nikagawanya, ikatoka 42. Safari yenyewe kilomita 150. Na chaja ni ile ndogo ya ampea 2, betri ikiisha kabisa inataka masaa saba na ushee mpaka ijae, so ratiba ilikuwa endesha, lala, endesha, lala, kama mgonjwa anayejifunza kutembea.

Basi nikaazima betri ya pili, nayo ina kilo zake tatu na ushee, nikaweka tyubu mbili, pampu, spana kubwa ya nati za gurudumu la nyuma (mota yangu iko kwenye gurudumu la nyuma, ukipata pancha huko usidhani unachomoa tu, kuna waya, kuna nati ngumu, kuna washa yenye ulimi wa kuzuia ekseli isizunguke, ukiisahau ekseli inajipindua na kukata waya wake yenyewe), koti la mvua, godoro la kukunja, na vitu vingine ambavyo dada yangu alivitazama akasema "we unahama?"

Keria iliandikwa mwisho kilo 25 kwahiyo ikabidi nipime. Mizani tuliyonayo ni ya bafuni, na njia ya kupima baiskeli kwa mizani ya bafuni ni ujipime mwenyewe, kisha uikumbatie baiskeli upande nayo, utoe. Shida ni kwamba ukishaikumbatia huoni namba. Nikamwita mpwa wangu alale kifudifudi anisomee, mi huku miguu inatetemeka na pedali imenichoma kwenye goti, nauliza "ngapi?" kimya, nauliza tena "we mtoto ngapi?" ananijibu kwa utaratibu kabisa "mjomba, hakuna namba, imeandika herufi." Mizani nyingi za nyumbani zikivuka kilo 150 zinakata tamaa. Sisemi kwenye hiyo mia na hamsini mi nilichangia ngapi.

Nikapunguza vitu. Nikapunguza tena. Godoro likabaki, mgongo wangu hauna mjadala.

Sasa jioni ya kuamkia safari ndo nikaitoa uani, nikaisimamisha kwenye ile stendi ya miguu miwili inayonyanyua tairi la nyuma, mabegi yote juu, mkanda wa godoro unaning'inia kidogo hivi, nikafunga na begi dogo la mbele kwenye usukani. Hilo begi ndo adui wa hadithi hii. Lilikuwa jipya, limejaa, limekaa vizuri, na kwa nyuma lilikuwa limelalia kile kidude cha kidole gumba cha kuvutia mwendo, tena limekikandamiza mpaka mwisho. Kwa nje huoni kitu. Nikawasha skrini niangalie asilimia ya betri ya kuazima.

Tairi likaanza kuzunguka. Mwanzo nikafurahi, nikasema mota nzima hii, halafu likaokota ule mkanda wa godoro, likauvuta, godoro likaenda upande, baiskeli ikayumba, stendi ikakunjika, tairi likagusa chini huku linazunguka mwendo wa mwisho, na mi nilikuwa nimeshika kiti tu. Kiti kikanitoka mkononi.

Breki za hizi baiskeli zina swichi ndani, ukigusa kidogo tu mota inakata umeme. Kitu kizuri sana, tatizo breki ziko kwenye usukani na usukani ulikuwa unaondoka.

Dada alikuwa ameanika mashuka. Ikapita katikati ya la kwanza, ikalichukua, ikaendelea imejifunika gubigubi, mpwa wangu anapiga kelele "mjomba inakuacha!" kama vile sijaona, na mi nakimbia na ndala moja. Upande wa pili wa uzio yuko babu jirani amekaa kwenye kiti chake, akaona shuka linakuja kasi, na mi nyuma yake, na malezi ni malezi jamani, mdomo ukajifungua wenyewe: "Shikamoo babu!"

"Marahaba. Safari si ulisema kesho?"

Ikapiga uzio, ikalala ubavu. Ungedhani yameisha, ila begi bado limekandamiza kile kidude, so tairi linazunguka hewani linatwanga shuka, na ili kuzima lazima ubonyeze kitufe ushikilie sekunde kadhaa, na kitufe kiko chini ya begi, begi liko chini ya baiskeli, mimi niko juu nainua kilo hamsini kwa mkono mmoja huku babu ananielekeza "chomoa betri" na betri ina ufunguo na ufunguo uko kwenye ndala... hapana, ufunguo uko mezani ndani. Mpwa akatumwa. Akarudi na ufunguo wa kabati. Akatumwa tena.

Hasara: shuka moja, mkanda umejisokota kwenye ekseli mpaka ukachomoa plagi ya mota, na kile kichuma kinachoshika gia za nyuma kikapinda kuelekea spoku. Godoro zima kabisa.

Asubuhi nikaisukuma kwa fundi. Akairudishia plagi, akawasha skrini, akaona ule mtambo wa kuhesabu safari umeandika kilomita 1.3, wastani kilomita 24 kwa saa, akanitazama na mabegi yangu yote, akauliza kwa heshima:

"Kaka, kwani ulikuwa umefika wapi?"

Nikamwambia, "Kwa jirani."