Taifodi inapopanda kichwani: ishukiwe mapema au tungoje?

Mwenye homa akianza kuweweseka, kuyumba au kukakamaa viungo, wengi hudhani malaria imepanda kichwani, au ni homa ya uti wa mgongo, au kuna mkono wa mtu. Taifodi haitajwi. Tumezoea kuiita homa ya matumbo, basi tunaitafuta tumboni.

Mwaka 2009 wilaya za Neno, nchini Malawi, na Tsangano, ng'ambo ya mpaka huko Msumbiji, zilikumbwa na homa iliyowatatiza madaktari. Wapo waliokakamaa miguu, waliopepesuka wakitembea, na wachache waliotetemeka kama wenye ugonjwa wa Parkinson. Wagonjwa 303 walihesabiwa, 40 kati yao wakiwa na dalili za wazi za mfumo wa fahamu. Watu 11 walifariki. Damu ilipooteshwa maabara, akaonekana bakteria wa taifodi, Salmonella Typhi, tena sugu kwa ampisilini, kloramfenikoli na septrini. Kwa ushahidi huo, wanaotaka taifodi ishukiwe mapema wana haki.

Wanaowapinga nao hawabahatishi. Taifodi inasingiziwa mno. Kipimo cha damu cha Widal husoma kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya vijidudu, na hizo zaweza kuwa za maambukizi ya zamani au ya vijidudu vingine kabisa. Ndiyo maana watu kila siku wanatoka zahanati na jibu lilelile, "malaria na taifodi". Mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo akirudishwa nyumbani na vidonge kwa jibu hilo, anaweza kupotea. Kuotesha damu ndiko kunakoaminika, ingawa nako hukamata takribani nusu tu ya wagonjwa, na hospitali nyingi ndogo hazina huduma hiyo.

Kitandani, naona mvutano huu unapungua. Mgonjwa aliyechanganyikiwa kwa homa apimwe malaria, na asicheleweshewe sindano ya seftriaksoni, ambayo hutibu homa ya uti wa mgongo ya bakteria na taifodi nyingi za kwetu.

Ugumu uko kwenye deksamethasoni, dawa ya steroidi inayotuliza uvimbe mwilini. Jakarta, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1984, wagonjwa mahututi wa taifodi walipewa kloramfenikoli: kati ya 20 walioongezewa deksamethasoni walikufa 2, kati ya 18 wasioongezewa wakafa 10. Tofauti ni kubwa mno kupuuzwa, japo wagonjwa walikuwa 38 tu. Ningeitaka dawa hiyo kwa ndugu yangu aliyezimia kwa taifodi iliyothibitishwa. Kwa karatasi ya Widal peke yake, ningekataa.